Elimu bila ada na elimu iliyo sawa: hesabu kutoka Mwanza hadi visiwa vya Ukerewe

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

Kila ifikapo wiki ya kwanza ya Januari, mtaa wa Makoroboi katikati ya Jiji la Mwanza hujaa wazazi. Sketi za bluu, kaptula za kaki, mashati meupe na viatu vyeusi hupangwa hadi kando ya barabara, na mafundi cherehani hushona mpaka usiku. Katika msongamano huo husimama mzazi mwenye orodha ndefu ya mahitaji kutoka shule binafsi inayofundisha kwa Kiingereza, na pembeni yake mzazi aliyevuka maji kutoka Ukerewe akiwa na fedha za sare moja na madaftari machache. Wote wawili hununua shati kwa bei ileile, na watoto wao wana haki ileile kwa mujibu wa Katiba. Kinachotofautiana ni kile watakachokikuta darasani, na tofauti hiyo imekuwa ikishughulikiwa na sera za elimu nchini tangu Uhuru.

Ibara ya 11 ibara ndogo ya (3) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inaitaka Serikali kufanya jitihada ili watu wote wapate fursa zilizo sawa na za kutosha za elimu na mafunzo ya ufundi katika ngazi zote. Usawa na utoshelevu ni mambo mawili, na ibara hiyo imeyataja yote kwa makusudi. Watoto 120 waliobanana katika chumba kimoja wana fursa sawa kabisa baina yao, lakini hakuna atakayesema kwamba fursa hiyo inatosha.

Hatua kubwa ya karibuni katika kutekeleza matakwa hayo ni Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, uliofuta ada na michango ya lazima kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne. Utekelezaji ulianza Januari 2016. Kabla ya hapo mwanafunzi wa sekondari ya kutwa ya Serikali alilipa ada ya Sh. 20,000 kwa mwaka na wa bweni Sh. 70,000, achilia mbali michango ya madawati, ulinzi, mitihani na taaluma ambayo katika shule nyingi ilizidi ada yenyewe. Katika mwaka wa fedha 2022/23 Serikali ilipanua utaratibu huo hadi kidato cha tano na cha sita.

Badala ya fedha za mzazi, Hazina ilianza kupeleka fedha moja kwa moja katika akaunti za shule. Zilipoanza kutolewa Januari 2016 zilikuwa takribani Sh. bilioni 18.77 kwa mwezi kwa nchi nzima. Fedha hizo zinajumuisha fidia ya ada kwa shule za sekondari, chakula cha wanafunzi wa bweni na ruzuku ya uendeshaji, ambayo hukokotolewa kwa idadi ya wanafunzi: Sh. 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi na Sh. 25,000 kwa kila mwanafunzi wa sekondari. Katika shule ya msingi, Sh. 4,000 kati ya hizo hubaki ngazi ya Taifa kwa ajili ya vitabu na Sh. 6,000 hufika shuleni. Kwa sekondari mgawanyo ni nusu kwa nusu.

Lugha ya Serikali yenyewe imebadilika taratibu tangu wakati huo. Mwanzoni ilisikika zaidi "elimu bila malipo"; siku hizi husikika zaidi "elimu bila ada", na msemo huu wa pili uko karibu zaidi na hali halisi. Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016, uliotolewa kufafanua ule wa awali, ulieleza kwamba mzazi au mlezi bado ana wajibu wa kununua sare, madaftari na kalamu, kugharimia matibabu ya mtoto na kuhakikisha mwanafunzi wa kutwa anapata chakula. Wananchi wanaweza kuchangia maendeleo ya shule kwa hiari, lakini mwanafunzi hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi wake hakutoa mchango. Hili linafaa kufahamika vyema na pande zote mbili, kwani malalamiko mengi hutokea pale mzazi anapodhani hadaiwi chochote, na kamati ya shule inapodhani hiari maana yake ni lazima.

Kigezo kimoja, mazingira mawili

Namna ruzuku hiyo inavyofanya kazi huonekana vizuri zaidi katika Mkoa wa Mwanza kuliko katika mikoa mingi. Mkoa huu ulikuwa na watu 3,699,872 katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, na ndani yake kuna mazingira ya shule yanayotofautiana sana. Zipo shule za Nyamagana na Ilemela zilizo katika maeneo yanayokua kwa kasi kama Buhongwa, Igoma, Kishili na Buswelu. Zipo za vijiji vya Kwimba, Magu na Misungwi ambako mtoto hutembea kati ya mashamba ya pamba na mpunga. Na zipo za visiwani, katika Wilaya ya Ukerewe na katika visiwa vya Kome na Maisome upande wa Buchosa, ambako kila kitu, kuanzia chaki hadi saruji, hufika kwa maji.

Chukua, kwa mfano wa hesabu tu, shule mbili za msingi: moja ya pembezoni mwa Jiji yenye wanafunzi 2,000 na nyingine ya kisiwani yenye wanafunzi 200. Kwa Sh. 6,000 kwa kila mwanafunzi, shule ya kwanza hupokea Sh. milioni 12 kwa mwaka, yaani Sh. milioni moja kwa mwezi. Ya pili hupokea Sh. milioni 1.2 kwa mwaka, sawa na Sh. 100,000 kwa mwezi. Kwa kigezo cha mwanafunzi mmoja mmoja, shule hizo zimetendewa haki sawa. Lakini mwalimu mkuu wa shule ya kisiwani akiitwa Nansio kwenye kikao, atapanda mtumbwi au kivuko na nauli itatoka katika Sh. 100,000 hiyo hiyo. Mfuko wa saruji wa kuziba ufa utafika kwake ukiwa umeongezewa gharama ya boti na ya wapagazi mwaloni.

Hali ni hiyo hiyo kwa walimu. Kiwango cha Taifa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 wa shule ya msingi. Ukigawanya 2,000 kwa 45 unapata walimu 45 na vyumba 45, na tatizo la shule ya mjini ni kwamba hata fedha zikipatikana, kiwanja cha kujenga vyumba hivyo mara nyingi hakipo, kwa sababu nyumba za watu zimeizunguka shule pande zote. Ukigawanya 200 kwa 45 unapata walimu watano. Shule hiyo ina darasa la kwanza hadi la saba. Maana yake ni kwamba hata ikipewa walimu wote inaostahili kwa kigezo cha Taifa, kila siku kutakuwa na madarasa mawili yasiyo na mwalimu mbele yake, na mmoja akiugua au akisafiri kufuata mshahara, yatakuwa matatu. Takwimu za uwiano zinaweza kupendeza kwenye taarifa ya halmashauri huku darasa la tatu likiwa limekaa peke yake na kiranja.

Ndiyo sababu kigezo cha idadi pekee hakitoshi kupima usawa. Visiwa vinahitaji kigezo cha madarasa na cha umbali pia, pamoja na nyumba za walimu. Mwalimu anayepangiwa Ukara au Irugwa hahitaji tu barua ya ajira. Anahitaji mahali pa kulala. Wilaya ya Ukerewe ina visiwa 38, na safari kati yake ina historia nzito: Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilichotoka Bugorora kilipinduka kikikaribia Bwisya, Ukara, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Yeyote anayemshawishi mwalimu kijana na familia yake kubaki kisiwani anazungumza na mtu anayeijua njia hiyo.

Kwa upande mwingine wa mkoa mambo yamebadilika haraka zaidi. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita tatu, lilizinduliwa Juni 19, 2025. Mwalimu wa Sengerema aliyekuwa akipoteza saa kadhaa akisubiri kivuko ili kufika Mwanza kwa huduma ya benki au hospitali, sasa huvuka kwa dakika chache. Daraja halihesabiwi katika bajeti ya elimu, lakini ni shida kupata mwalimu wa upande ule wa ghuba atakayesema halihusiani na kazi yake.

Inafaa kukumbusha pia kwamba Ukerewe si mahali pa kupokea walimu tu. Chuo cha Ualimu Murutunguru kiko kisiwani humo, na kijana aliyezaliwa na kusomea ualimu hapo haoni maji kuwa kizuizi. Kuwapanga walimu kwa kuzingatia wanakotoka ni jambo linalogharimu kidogo kuliko kujenga.

Somo la Musoma

Suala hili si geni katika mwambao wa Ziwa Victoria. Wakati wa ukoloni shule ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila kundi na majengo yake, walimu wake na fedha zake. Mgawanyo huo ulifutwa kisheria kuanzia Januari 1, 1962, chini ya mwezi mmoja baada ya Uhuru. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaziweka shule nyingi za madhehebu chini ya Serikali ili mtoto asikose nafasi kwa sababu ya dini yake. Mwaka 1973 ada ya shule za msingi ikafutwa.

Kisha Novemba 1974, katika mji wa Musoma, kilomita zipatazo 200 kutoka Mwanza, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana na kupitisha Azimio la Musoma. Azimio hilo lilisogeza mbele lengo la kila mtoto kupata elimu ya msingi kutoka mwaka 1989 hadi 1977. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ikapanda kutoka takribani milioni 1.2 mwaka 1974 hadi zaidi ya milioni tatu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mataifa machache ya Afrika yalikuwa yamefika hapo wakati huo.

Walimu wa kutosha hawakuwapo. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakafundishwa ualimu wakiwa vijijini kwa msaada wa vipindi vya redio na walimu wazoefu, huku wakiingia darasani kufundisha. Wengi wao walijituma kwa namna inayostahili heshima, na wapo watu wazima wa leo waliofundishwa kusoma na walimu hao. Hata hivyo nafasi za sekondari hazikuongezeka kwa kasi ile ile, uchumi ukayumba, na katikati ya miaka ya 1980 michango ya wazazi ikarejea. Kufikia miaka ya 1990 uandikishaji ulikuwa umeshuka.

Katika miaka hiyo hiyo, nchi ya Ufini kaskazini mwa Ulaya ilikuwa ikitekeleza mageuzi yenye lengo linalofanana. Huko watoto walikuwa wakitenganishwa wakiwa na miaka kumi au kumi na moja, wengine kwenda shule zenye ada zilizoelekea chuo kikuu na wengine kubaki katika shule za kawaida. Sheria ya mwaka 1968 ilianzisha shule moja kwa watoto wote. Utekelezaji ulianza mwaka 1972 katika Lapland, jimbo la mbali kabisa kaskazini lenye watu wachache na barabara ndefu, na ukamalizikia katika eneo la mji mkuu, Helsinki, mwaka 1977, mwaka ule ule uliolengwa na Azimio la Musoma. Miaka miwili baadaye Ufini iliweka shahada ya uzamili kuwa kiwango cha mwalimu wa shule. Utajiri wa nchi hizi mbili haulinganishwi, wala haifai kuulinganisha. Kinachofaa kuangaliwa ni mpangilio: walianzia pembezoni, na walipomaliza kujenga shule walihamia kwa mwalimu.

Tanzania ilifuta tena ada ya shule za msingi mwaka 2001 katika maandalizi ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM. Majirani wanaochangia Ziwa walifanya hivyo kwa nyakati zinazokaribiana, Uganda mwaka 1997 na Kenya mwaka 2003. Ukafuata Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari na ujenzi wa shule za kata: kutoka shule za sekondari takribani 1,300 mwaka 2004 hadi zaidi ya 4,000 mwaka 2010. Na hapo somo la Musoma likajirudia. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yalipotangazwa kwa mara ya kwanza Februari 2013, yalionyesha watahiniwa takribani sita kati ya kumi wakipata daraja sifuri. Matokeo hayo yalipangwa upya baadaye, lakini ujumbe wake ulikuwa umefika: majengo yalikuwa yametangulia mbele ya walimu, maabara na vitabu.

Tangu hapo uwekezaji umekuwa mkubwa. Fedha za mpango wa kukabiliana na athari za UVIKO-19 zilijenga vyumba vya madarasa 15,000 nchini mwishoni mwa mwaka 2021, ambapo 12,000 vilikuwa vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi, yaani zile ndogo zinazoanzishwa ili watoto wadogo wasitembee mbali. Mradi wa SEQUIP unalenga shule mpya 1,000 za sekondari za kata na shule 26 za wasichana, moja kwa kila mkoa wa Tanzania Bara, na mradi wa BOOST unashughulikia shule za awali na msingi. Kwa mtoto wa mwambao, shule shikizi huenda ndiyo yenye manufaa ya haraka kuliko zote, kwa kuwa mtoto wa miaka sita hawezi kupanda mtumbwi kila asubuhi.

Lugha, mahali pengo linapopanuka

Fedha na majengo huonekana kwa macho. Lugha haionekani, na pengine ndiyo inayotenganisha watoto zaidi.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilifungua milango kwa sekta binafsi kuendesha shule za msingi kwa watoto wa Kitanzania, na nyingi kati ya shule hizo hufundisha kwa Kiingereza. Mwanza ina shule hizo za kutosha, za kutwa na za bweni, kwa ada inayofikia mamilioni ya shilingi kwa mwaka. Mtoto wa shule ya msingi ya Serikali husoma kwa Kiswahili, lugha anayoielewa, na hilo ni jema kwa kujifunza. Tatizo hutokea Januari ya kidato cha kwanza. Mwanafunzi aliyeeleza usanisinuru kwa ufasaha mbele ya darasa lake huko Ukara anatakiwa kuueleza upya kwa lugha ambayo hajawahi kununulia hata chumvi. Kozi ya awali ya lugha ya wiki chache hutolewa, na walimu wengi huchanganya lugha ili waeleweke, lakini mtihani wa Taifa hauchanganyi. Kwa wakati huo mwenzake aliyetoka shule binafsi ameshatumia Kiingereza kwa miaka saba.

Kwa hiyo watoto hao wanapokutana katika kidato cha kwanza, wakiwa na mwalimu mmoja na kitabu kimoja, hawaanzii mstari mmoja. Mmoja anajifunza biolojia. Mwingine anajifunza biolojia na lugha kwa pamoja, na akishindwa hatajua ni kipi kilichomshinda. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, umeanzisha somo la Kiingereza tangu darasa la kwanza badala ya darasa la tatu. Ni hatua ya maana, lakini mafanikio yake yanategemea mwalimu anayeimudu lugha hiyo, na mwalimu wa namna hiyo ndiye anayetafutwa pia na shule binafsi za mjini.

Uamuzi mwingine uliogusa suala hili ulitoka Baraza la Mitihani la Tanzania. Lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne mwishoni mwa Januari 2023, Baraza liliacha utaratibu wa miaka mingi wa kutaja shule kumi bora na watahiniwa kumi bora. Sababu iliyotolewa ni kwamba shule hizo hazina mazingira yanayolingana, na orodha hiyo ilikuwa ikizitangaza baadhi yake kibiashara. Wapo waliolalamika kwamba ushindani umeuawa. Lakini orodha ile, kwa kiasi kikubwa, ilikuwa ikipima uwezo wa shule kuchagua wanafunzi kabla ya kuwafundisha. Shule ya kata hupokea kila mtoto wa kata yake. Ikimtoa aliyeingia na alama za chini akiwa na daraja la pili, imefanya kazi kubwa kuliko shule iliyompokea aliyefaulu na kumtoa akiwa amefaulu, na hakuna orodha iliyowahi kuonyesha hilo.

Baada ya kengele ya asubuhi

Kuna mambo ambayo hayaanzii shuleni. Uvuvi wa dagaa hufanyika usiku wa giza, mwezi usipoonekana, kwa taa. Mtoto aliyekesha kwenye mtumbwi au aliyeamka alfajiri kuanika dagaa kwenye mwalo hawezi kuwa darasani saa mbili asubuhi akiwa macho. Kaya maskini zilizo katika mpango wa kunusuru kaya maskini unaosimamiwa na TASAF hupokea sehemu ya ruzuku kwa sharti kwamba watoto wahudhurie shule angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Sharti hilo husaidia, kwa kuwa linampa mama hoja ya kumwambia baba kwa nini mtoto asiende ziwani.

Chakula ni jambo lingine. Shule nyingi hutegemea wazazi kuleta mahindi na maharage ili watoto wapate angalau uji au mlo wa mchana. Mwaloni Kirumba, soko kubwa la samaki wakavu la Mwanza, hupakia magunia ya dagaa yanayokwenda hadi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilhali mtoto wa kijiji ambako dagaa hao walivuliwa huenda akashinda na njaa hadi jioni. Kamati ya shule ya mwambao inayokubaliana na wavuvi kutenga debe moja la dagaa kwa wiki haihitaji kusubiri bajeti ya mtu yeyote.

Kwa wasichana, Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 uliruhusu wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali, ikiwemo ujauzito, kurejea katika mfumo rasmi. Bado wapo wazazi wasiojua kwamba mlango huo uko wazi, na ni wajibu wa viongozi wa mitaa na vijiji kuwajulisha. Matundu ya choo nayo ni sehemu ya hesabu: kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na pale kisipofikiwa, msichana mkubwa ndiye anayeanza kukosa siku za masomo.

Mwananchi anayetaka kujua hali ya shule ya mtaa wake ana pa kuanzia. Taarifa za mapato na matumizi ya ruzuku zinapaswa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule. Kamati ya shule ya msingi na bodi ya sekondari zina wawakilishi wa wazazi, na mkutano wa wazazi ni mahali halali pa kuuliza ni fedha kiasi gani zimeingia, ni walimu wangapi wanaohitajika na wangapi wapo, na ni vitabu vingapi vimepokelewa kwa kila darasa. Majibu yasiporidhisha, hatua inayofuata ni Afisa Elimu Kata, kisha Mkurugenzi wa Halmashauri. Vitabu vya kiada vinapatikana pia bila gharama katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, jambo linalozisaidia zaidi shule zenye umeme na intaneti.

Mtihani mkubwa unaofuata una tarehe. Chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, elimu ya lazima itakuwa ya miaka kumi, na elimu ya msingi itaishia darasa la sita badala ya la saba. Watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024, mtaala mpya ulipoanza, watamaliza darasa la sita mwishoni mwa mwaka 2027. Waliokuwa mbele yao kwa darasa moja watamaliza darasa la saba wakati huo huo. Mikondo yote miwili itaingia kidato cha kwanza Januari 2028, na kila sekondari ya kata, kuanzia ya Buhongwa hadi ya Ukara, itahitaji nafasi na walimu kwa karibu mara mbili ya idadi iliyozoea. Shule za binafsi za mjini zitapunguza msongamano kwa wenye uwezo wa kulipa. Visiwani, saruji ya vyumba hivyo bado haijavuka maji.